Chachu Haiolewi

Jumatano, 1 Novemba 2023. Igogo

Mvua ya vuli imeanza leo saa nne asubuhi, siku ileile niliyoanza kazi. Sioni uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Nayaandika pamoja kwa kuwa yametukia pamoja.

Kampuni ya Mawe Matatu, inayotengeneza divai ya nanasi huko Kiseke na kuiuza sasa katika nchi kumi na moja, imeniomba niiandikie historia yake. Kitabu kiwe tayari mwishoni mwa Januari, watakapofika wanunuzi wakubwa kutoka Ubelgiji. Nilitunza nyaraka za serikali katika mji huu wa Mwanza kwa miaka thelathini na mmoja, na tangu nistaafu sijakabidhiwa karatasi ya kusoma isipokuwa maelezo ya dawa zangu za presha. Nimekubali kwa masharti matatu: nione kila karatasi iliyopo, lisiondolewe jambo lililothibitishwa, nisiombwe kuonja.

Mkurugenzi ni Gladness Chenge, binti wa marehemu mwanzilishi. Alicheka sharti la tatu. "Mzee Abdillah, wenzako wakija hapa huweka sharti la kinyume."

Dada yangu Fadhila, ambaye ninaishi naye tangu sote wawili tulipofiwa na wenzi wetu, hakucheka. "Mtume alisema kwa ajili ya mvinyo wamelaaniwa watu kumi," alisema. "Anayekamua, anayekamuliwa, anayekunywa, anayebeba, anayebebewa... Wewe umewatafutia wa kumi na moja, anayeandika."

Nilimjibu kwamba orodha ina watu kumi na si kazi yetu kuirefusha.

"Basi chunga usihamie namba nyingine," akasema, akatoka kuanua nguo.

Ijumaa, 3 Novemba

Kila chupa ya Mawe Matatu ina hadithi mgongoni. Inasema kwamba mwaka 1987 Yeremia Chenge, karani wa ginari ya kuchambua pamba huko Misungwi, alisahau juisi ya nanasi katika chungu. Alipoikumbuka ilikuwa imegeuka divai.

Nimekusanya matoleo matatu ya hadithi hiyo. Katika lebo ya 1994 juisi ilisahauliwa siku saba. Katika kijitabu cha 2003, siku tisa. Katika tovuti ya sasa, siku kumi na mbili. Mtu hasahau zaidi kadiri miaka inavyopita; wanaomsimulia ndio wanaoongeza. Aidha, nimeuliza watu wawili wenye ujuzi, na wote wamenihakikishia kwamba juisi ya nanasi iliyoachwa hivyo katika joto la Misungwi huwa siki, si divai.

Kwa hiyo mtu fulani alitia kitu fulani katika chungu hicho.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua. Karatasi za forodha, 1998 hadi 2006. Panya wamekula mwaka 2001 wote.

Alhamisi, 9 Novemba. Kiseke

Upande wa kukua kwa kampuni umekaa vizuri katika nyaraka, na nitauandika bila taabu. Chupa ishirini za kwanza zilikuwa chupa za bia zilizooshwa. Mwaka 1991 Chenge alihamia Igogo, katika bohari iliyo hatua mia mbili kutoka nyumba ninamoandika, na sikumbuki kumwona hata mara moja. Katoni za kwanza zilikwenda Ulaya mwaka 1998 ndani ya ndege za minofu ya sangara, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikiruka kutoka hapa. Mnunuzi wa Ubelgiji alijibu kwa barua ya mistari miwili: divai anaipenda, harufu ya samaki hapana. Chenge aliihifadhi barua hiyo katika fremu. Baadaye zikafuata Kigali, Lusaka, na mwaka 2016 Osaka, ambako chupa inafungwa katika kitambaa kama zawadi ya harusi.

Wote hao wananunua ladha moja, na ladha hiyo inatoka katika chumba kimoja. Gladness alinionyesha. Juu ya meza ya saruji kipo chungu cheusi cha udongo, kikubwa kama kichwa cha ng'ombe, kimefunikwa kwa kitambaa. Ndani yake inaishi chachu. Inalishwa juisi kila baada ya siku tatu, na kila pipa jipya la chuma huanzishwa kwa kikombe kutoka humo. Chungu hakijaoshwa tangu 1987.

"Hicho ndicho kinachoninyima usingizi," alisema Jonathan, mkuu mpya wa uzalishaji, kijana msomi aliyesomea uchachushaji ng'ambo. "Wakaguzi wa soko la Ulaya wanakuja tarehe tano Desemba. Nitawaambia nini? Kwamba ni mila?"

"Waambie ni baba," alisema Gladness.

Jumanne, 14 Novemba

Nimepata daftari. Lilikuwa chini ya fremu ya ile barua ya samaki, la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mwandiko ni wa Yeremia Chenge. Nimeulinganisha na saini zake sita. Ukurasa wa kwanza, tarehe 9 Novemba 1987: "Leo nimepewa chachu na Bernadeta mke wa Paulo Kashindye. Ameniambia namna ya kuilisha."

Hakuna chungu kilichosahauliwa. Kulikuwa na mwanamke.

Daftari linaishia Desemba 1987, katikati ya sentensi. Ni dhahiri kwamba lipo la pili.

Jumatano, 15 Novemba

Mvua. Fadhila anasema ziwa limepanda hadi ukuta wa soko.

Alhamisi, 23 Novemba. Misungwi

Bernadeta Kashindye yu hai. Ana miaka sabini na minane, ni mjane, na anaishi nyumba ya bati nyuma ya kanisa, mwendo mfupi kutoka ilipokuwa ginari. Nilipelekwa na Revocatus, dereva wa kampuni, ambaye alimsalimu kwa Kisukuma na kujibiwa kwa maneno mengi zaidi ya yale aliyotoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi wa Chenge?"

"Ninaandika historia ya kampuni. Kabla sijaandika, nimekuja kuuliza."

"Miaka thelathini na sita," alisema. "Mlipitia njia ipi, Bukoba?"

Alinikaribisha kiti, akaninyooshea kikombe cha divai. Nilieleza kwamba mimi situmii. Alinitazama kwa makini, kama mtu anayeweka jambo akiba, akaagiza chai.

Nanukuu maelezo yake kwa ufupi. Chachu aliachiwa na mama yake, na mama aliachiwa na bibi, waliokuwa wakitengeneza pombe ya ndizi. Yeye ndiye wa kwanza kuilisha nanasi, kwa kuwa mananasi yalivushwa kwa kivuko kutoka Sengerema hadi Kigongo, na yaliyopondeka njiani yaligawiwa bure. Chenge alikuwa jirani. Pamba ilipoanguka alikuja kuomba, akapewa, kwa sharti ambalo kila mtu katika ukoo wa kina Bernadeta analijua.

"Chachu haiuzwi," alisema. "Unaazima. Divai ya kwanza itakayotoka, kibuyu kimoja unakirudisha kule chachu ilikotoka, kwa mkono wako mwenyewe. Usiporudisha umeiba. Ukirudisha, ni ndugu."

"Naye hakurudisha."

"Mama yangu, huko kijijini kwake, alikaa mlangoni mwezi mzima akimsubiri. Aliweka na kiti. Alikufa Pasaka, kiti kikiwa palepale." Alikunja kanga magotini. "Halafu nasikia mjini wanauza chupa. Na wewe leo unakuja na gari lao."

Nilimuuliza anataka nini kutoka kwa kampuni.

"Nilikuomba kitu? Wewe ndiye umekuja kuuliza. Andika ulichosikia."

Nimeandika. Naongeza maoni yangu, jambo ambalo si kawaida yangu: Yeremia Chenge alichukua, hakurudisha, kisha akatunga hadithi ya chungu ili kuficha. Hili sasa ni la hakika.

Ijumaa, 24 Novemba

Nilimsomea Gladness maelezo hayo ofisini kwake. Alisikiliza bila kunikatiza, huku akizungusha kalamu.

"Usiyaandike," alisema.

"Sharti la pili."

"Nalikumbuka. Ndiyo maana nakuomba, sikuamuru."

Nilimuuliza kama lipo daftari la pili. Alisema lipo, lilikuwa katika sanduku la marehemu mama yake, na hatalitoa. Baba yake aliagiza lisisomwe na mtu wa nje maadamu yule mama yu hai. Nilimkumbusha sharti la kwanza. Alisema kwa sauti ya chini kwamba nina haki ya kujiuzulu.

Mtu anayeficha karatasi huwa anajua kilichomo. Sijajiuzulu. Nimeandika sura ya kwanza jinsi ilivyo, na nimemwambia kwamba itachapwa hivyo au kitabu kitatoka bila jina langu.

Jumanne, 28 Novemba

Mvua na upepo. Malori ya mananasi yamekwama Busisi siku ya pili, kivuko hakivuki. Revocatus anasema harufu inasikika hadi upande huu.

Jumatatu, 4 Desemba. Kiseke

Jonathan ameosha chungu.

Nilikuwa katika chumba cha pili nikinakili. Aliitoa chachu yote akaiweka katika ndoo, akakisugua chungu kwa dawa ya kuulia vijidudu, akakisuuza mara tatu, akarudisha chachu. Alifanya kila hatua kwa uangalifu, glavu mikononi, huku akiandika saa pembeni. Ilikuwa kazi ambayo ningeisifu katika idara yangu. Gladness alikuwa safarini Dodoma.

"Sasa hata mkaguzi anaweza kulala ndani," aliniambia.

Ijumaa, 8 Desemba

Wakaguzi walipita na kutoa alama ya juu. Chachu imekufa.

Inaelekea hakuna aliyefikiria udongo. Chuma ukikisuuza, dawa imekwisha. Chungu cha udongo kinakunywa. Dawa iliingia katika kuta zake, na kwa siku nne ikawa inatoka kidogo kidogo kuirudia chachu. Leo asubuhi haikutoa povu. Jonathan aliilisha mara mbili, kisha akasimama mbele ya meza ya saruji, mikono nyuma, kama mtu aliye msibani asiyejua wimbo. Hakuwa ameweka akiba. Alikuwa amepanga kuiweka baada ya ukaguzi, kutoka katika chungu kilicho safi.

Gladness hakumfokea. Aliuliza tu, "Yote?"

"Yote, mama."

Aliondoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakitia mkobani.

Jumatano, 20 Desemba

Mapipa sita yalianzishwa tarehe kumi kwa hamira ya kununuliwa. Mimi siwezi kuhukumu matokeo. Nategemea mashahidi, kama inipasavyo. Revocatus: "Ni tamu, lakini inaishia mdomoni." Mfanyakazi wa ghala mwenye miaka ishirini kazini aliitema. Kichupa cha sampuli kilikwenda Ubelgiji kwa ndege, na jibu limekuja leo, mistari miwili tena, kana kwamba ni desturi ya nchi ile: divai ni nzuri, siyo Mawe Matatu. Endapo hawatapata ile wanayoijua, safari ya Januari haina sababu.

Gladness alinipa barua niisome, akaniuliza, "Yule mama bado anayo?"

Nilimjibu kwamba niliona chungu chumbani kwake, kimefunikwa.

Alhamisi, 21 Desemba

Walikwenda Misungwi, yeye na Jonathan. Sikwenda, nasimulia alivyonisimulia Revocatus.

Gladness alipiga goti mlangoni. Bernadeta aliwapokea vizuri na kuwapa viti. Jonathan aliomba radhi kwa urefu, akaeleza kuhusu vijidudu. Bernadeta akamuuliza, "Wewe mama yako anapooga unamtia dawa?" Kisha akamgeukia Gladness. "Mwanangu, sina ugomvi nawe. Lakini chachu haiazimwi mara ya pili kwa nyumba ambayo haikurudisha mara ya kwanza. Hata ningetaka, siyo yangu. Ni ya mama. Na mama alikufa akisubiri."

"Mkurugenzi akasema nini?" nilimuuliza Revocatus.

"Kurudi njia nzima alikuwa anatazama mashamba ya mpunga. Mimi nikazima redio."

Jumatatu, 25 Desemba

Jirani zetu wametuletea pilau. Mvua haikukatika.

Jumatano, 27 Desemba. Igogo

Gladness alikuja mwenyewe, bila dereva, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Fadhila alimpa kanga kavu na chai, akajitia kuwa na shughuli jikoni, mlango ukiwa wazi.

Aliweka mezani daftari la pili.

"Baba aliniambia ni la siri, akaniambia na sababu yake moja tu: kwamba aliahidi kunyamaza," alisema. "Nimelisoma jana kwa mara ya kwanza. Soma wewe. Nimeshindwa kujua kama ninashikilia ahadi au ninashikilia kampuni."

Nanakili ukurasa wa tatu kama ulivyo:

"2 Januari 1988. Divai ya kwanza imetoka. Nimechukua kibuyu kimoja kwa mkono wangu mwenyewe, nimekipeleka kwa Paulo Kashindye, barazani kwake, kama inavyompasa mtu anayerudisha kitu cha mke wa mwenzake. Bernadeta hakuwepo. Paulo amepokea, amekunywa, amesema: Nzuri, lakini ya mke wangu ni bora. Tumecheka."

Na ukurasa wa tisa:

"17 Aprili 1988. Bernadeta amenitumia katekista. Anasema mimi ni mwizi, na jina lake lisikae karibu na divai yangu, leo wala kesho. Sijui kosa langu. Nimemwendea Paulo, amesema nimwache, msiba wa mama mkwe umemchanganya. Nitatii. Wakiniuliza chachu ilitoka wapi nitasema nilisahau juisi."

Niliisoma mara tatu, nikaona kosa lilivyotokea. Bernadeta alisema irudishwe *ilikotoka*. Kwake, hilo lilikuwa na maana moja: nyumba ya mama yake. Kwa Chenge, mwanamume wa Misungwi aliyelelewa kwa heshima, kitu cha mke wa mtu kilitoka kwa mumewe, na kumpelekea mwanamke pembeni, au kwa wazazi wake, kungekuwa utovu wa adabu. Alirudisha kwa wakati, kwa mkono wake, kwa heshima zote, katika nyumba isiyo yenyewe. Na mtu pekee aliyeweza kusahihisha alikuwa amekwisha kunywa.

Ile hadithi ya chungu, niliyoihesabia siku zake kwa dharau, ilikuwa utii.

Kuhusu maandishi yangu ya tarehe 23 Novemba: nafuta neno "hakika". Nimelikata kwa mstari mmoja, ili lisomeke.

"Kwa hiyo utamwambia," alisema Gladness. "Kwamba mumewe..."

"Ni mjane wa miaka kumi na tisa. Anamkumbuka kwa wema."

"Ndiyo maana nauliza."

Kutoka jikoni Fadhila alisema, bila kuonekana, "Mwanamke amekaa na mwizi asiyekuwepo miaka thelathini na sita. Mwambieni apumzike."

Jumamosi, 30 Desemba. Misungwi

Mvua ilisimama tulipofika Usagara. Gladness alibaki garini kwa hiari yake. Alisema maneno ya baba yake yasomwe na mtu asiye na faida nayo.

Bernadeta haoni vizuri tena maandishi. Aliomba nisome polepole. Nilisoma ukurasa wa tatu hadi neno "barazani kwake", nikanyamaza, kwa kuwa nilitaka kumpa nafasi ya kunizuia. Hakunizuia. Nikasoma hadi mwisho.

Alinyoosha mkono akaupapasa ukurasa.

"Soma tena alichosema Paulo."

"Nzuri, lakini ya mke wangu ni bora."

"Alisema hivyo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Siku hiyohiyo."

"Mimi hakuniambia hata siku moja. Miaka arobaini ya ndoa! Alikuwa anasema, Inanyweka." Alianza kucheka, kicheko kikavu, mkono kifuani. "Januari ile! Nilitoka kwa mama nikamkuta amelala na viatu. Nikamuuliza, baba, unaumwa? Akasema, pamba imenichosha. Pamba, Januari! Pamba haijatoa hata ua." Alifuta macho kwa upindo wa kanga. Sikuweza kutambua kama ilikuwa kwa kicheko, nami sitaandika nisichokitambua. "Alinisikia namwita mtu mwizi, akanyamaza. Paulo we!"

Nilimsomea na ukurasa wa tisa. Katika maneno "nitatii" aliinamisha kichwa.

"Hilo nilisema. Nilituma mtu wa kanisa, lisikataliwe." Akaongeza: "Alikuwa mjinga, lakini hakuwa mwizi. Ningekuwa nimemwambia, peleka kwa mama, kwa mdomo wangu, angekwenda kwa mama. Nilidhani kila mtu anajua. Mwanamke anaolewa, mzee; chachu haiolewi. Inabaki kwao."

Aliniambia nimwite Gladness. Wakasalimiana upya, kana kwamba ile mara ya kwanza haikuhesabiwa. Masharti aliyatoa akiwa amesimama. Atamwazima. Divai ya kwanza irudi kwa kibuyu, si chupa. Kwa mkono wa Gladness. Katika kijiji cha mama yake, penye kaburi, na siyo hapa. Kuhusu jina lake kitabuni, ataamua siku hiyo.

Kisha akaingia chumbani, akatoka na chungu kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba. Gladness alinyoosha mikono. Bernadeta akampita.

"Huyu ndiye atabeba," alisema, akiniwekea chungu magotini. "Mliobaki wote mnakunywa. Safari hii nataka mtu ambaye hataonja njiani."

Nilianza kueleza kwamba nina sababu za kutokuwa mbebaji. Revocatus, mlangoni, aligeuza uso akaangalia nje, mabega yakimtikisika.

"Hiyo sababu ndiyo ninayoitaka," alisema Bernadeta.

Nimefikiri njia nzima. Chachu siyo divai, haileweshi, hakuna aliyewahi kuinywa. Hoja ni nzuri, na nisingeipokea kutoka kwa mtu mwingine. Revocatus aliendesha kilomita arobaini na kitu kwa mwendo wa msafara wa harusi, na nilipomuuliza kwa nini, akajibu kwamba tumebeba mwali. Nilimkumbusha kwamba chachu haiolewi. Gladness alicheka kwa mara ya kwanza tangu Desemba nane. Chungu kilikuwa na uvuguvugu. Nilikishika kwa mikono miwili hadi Kiseke, na Jonathan alikipokea bila glavu.

Nyumbani Fadhila alinusa koti langu.

"Umebeba?"

"Nimebeba."

Alifikiri. "Wa nne kwenye orodha," alisema, akanichotea maji ya kuoga.

Jumatano, 3 Januari 2024

Povu.

Alhamisi, 11 Januari

Mvua imepungua. Jonathan ameandika karatasi na kuibandika mlangoni pa chumba cha chungu: HAKIOSHWI. Chini yake, kwa herufi ndogo, ametoa sababu za kisayansi. Chungu cha zamani kimepelekwa ofisini kwa Gladness, kikiwa kitupu.

Jumamosi, 20 Januari

Tulitoka Kiseke saa mbili, tukafika kijijini saa tano kwa sababu ya tope. Nyumba ya mama yake Bernadeta ilikwisha kuanguka. Umebaki msingi, na kando yake kaburi lenye saruji. Bernadeta alikuwa ametangulia na wapwa zake wawili. Alikuwa ameleta kiti. Kilikuwa kiti cha kamba, cha zamani, kimewekwa pale ulipokuwa mlango, na hakuna aliyekikalia.

Gladness alivua viatu, akapeleka kibuyu kwa mikono miwili, akapiga goti, akakiweka juu ya kiti.

"Mama," alisema, akitazama kaburi, "baba alikuja Januari mbili. Alikosea nyumba. Leo tumefika."

Bernadeta alimimina kidogo chini. Kisha akajimiminia katika kata, akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni muda mrefu, jinsi wanavyofanya, naambiwa, wanunuzi wa Ubelgiji, ambao watatua Mwanza Jumatatu. Jonathan alikuwa akitazama koo lake. Gladness alikuwa bado amepiga goti.

Akameza.

"Paulo alisema kweli," alisema. "Nzuri, lakini ya kwangu ni bora."

Akanigeukia, akaelekeza kidole kwenye daftari langu.

"Sasa liandike jina langu. Lote, na la mama. Na Paulo naye umwandike kwamba alikunywa. Lakini usiache alichosema."

Nimeliandika: Bernadeta Kashindye, binti wa Kabula. Ilikuwa saa sita na dakika kumi mchana. Mvua haikunyesha.